Roketi Iliyodhani Mizani Zake Zimeharibika



Bila shaka umewahi kuona kijana akifukuza ndege shambani kwa kombeo. Anaweka jiwe, anazungusha, anaachia. Jiwe huenda mbali kisha huanguka. Akizungusha kwa nguvu zaidi, jiwe huenda mbali zaidi, lakini mwisho wake huanguka tu.

Sasa fikiri. Kama angekuwapo mtu mwenye nguvu za ajabu, akalirusha jiwe hilo kwa mbio kubwa kupita kiasi, lingeangukia wapi? Dunia yetu ni mviringo kama chungwa. Jiwe lingekuwa linaanguka, lakini na ardhi nayo ingekuwa inapinda chini yake. Jiwe lisingeifikia ardhi. Lingeendelea kuanguka huku likiizunguka dunia.

Ndivyo setilaiti inavyobaki juu. Setilaiti ni chombo kilichotengenezwa na watu, kikapelekwa juu kwa roketi ili kiizunguke dunia kama mwezi unavyoizunguka. Watu wengi hudhani kwamba kimefika mahali ambapo dunia haikivuti tena. Sivyo. Dunia inakivuta wakati wote. Hakianguki kwa sababu kinakwenda mbio. Chombo kilicho juu kilometa 350 hivi kinatakiwa kiende karibu kilometa 7.7 kwa kila sekunde moja. Yaani ukitamka neno "moja", kimekwisha pita kijiji chako na kijiji cha jirani.

Je, mwendo ukipungua kidogo inakuwaje? Hiyo ndiyo habari ya mwezi huu. Ni habari ya roketi mpya ya nchi ya India, iliyopungukiwa mwendo kwa sehemu kama moja tu katika mia.

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti

Ilikuwa siku ya Jumapili, tarehe 7 Agosti 2022. Saa za India zilikuwa saa 3 na dakika 18 asubuhi. Hapa kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 12 na dakika 48, ng'ombe wanakamuliwa.

Mahali penyewe panaitwa Sriharikota. Ni kisiwa kwenye pwani ya mashariki ya India, kaskazini ya mji wa Chennai. Mbele yake ni bahari, Ghuba ya Bengali. Pwani hiyo haikuchaguliwa ovyo. Roketi inapokwenda juu huangusha vipande vyake vilivyokwisha kazi. Ni heri vipande hivyo vianguke majini kuliko juu ya nyumba za watu. Siku ya kurusha, wavuvi huambiwa wasiende sehemu hiyo ya bahari.

Roketi hiyo ilikuwa mpya kabisa. Haijapata kuruka hata mara moja. Jina lake ni SSLV. Urefu wake meta 34, kupita mnazi mrefu. Uzito wake tani 120. Sehemu kubwa ya uzito huo ni fueli. Na fueli yake kubwa si ya majimaji kama mafuta ya taa. Ni ngumu, inafanana na mpira, nayo ikishawashwa haizimwi. Huwaka mpaka iishe.

Roketi imegawanyika katika sehemu tatu, moja juu ya nyingine. Ya chini huwaka kwanza. Ikiisha, huachana na nyingine na kuanguka, kisha ya pili huwaka. Halafu ya tatu. Ni kama mtu anayepanda mlima na vibuyu vitatu vya maji. Kila akimaliza kimoja anakitupa, asibebe kibuyu kitupu. Juu kabisa ipo injini ndogo ya nne, inayotumia fueli ya majimaji. Hii inaweza kuwashwa na kuzimwa. Kazi yake ni kusahihisha. Ikiwa mwendo umepungua kidogo, injini hii huongeza kinachokosekana.

Roketi ilibeba mizigo miwili. Mzigo mkubwa ulikuwa setilaiti ya kuitazama dunia, jina lake EOS-02, kilo 135 hivi. Setilaiti ya namna hii ina kamera. Hupiga picha za mashamba, misitu, mito na pwani. Kamera hizo huweza kuona hata mwanga ambao jicho la mtu halioni. Jani lenye afya hurudisha mwanga huo kwa wingi. Jani lililonyauka au lenye ugonjwa hurudisha kidogo. Kwa hiyo mtaalamu akitazama picha anaweza kujua mahindi ya upande huu yana maji ya kutosha, na ya upande ule yana kiu, ingawa hajakanyaga shamba lolote. Kwa picha za namna hiyo serikali yaweza kujua mapema kama mwaka huu kutakuwa na upungufu wa chakula. Yaweza pia kuona mafuriko yameishia wapi, au moto wa msitu unaelekea wapi.

Mzigo wa pili ulikuwa mdogo, kilo 8 tu. Lakini mimi nadhani ndio uliotazamwa na watu wengi zaidi siku ile. Ulitengenezwa na wasichana wa shule.

Kazi ya wasichana 750

Mwaka 2022 India ilikuwa inatimiza miaka 75 ya uhuru. Kwa ajili ya sherehe hiyo zilichaguliwa shule 75 za serikali, nyingi zikiwa za vijijini. Katika kila shule walichukuliwa wasichana 10. Jumla yao 750. Walifundishwa na wataalamu, na kila shule ikatengeneza chombo chake kidogo cha kupima jambo fulani. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa gramu 50 hivi, sawa na yai moja la kuku. Vyombo hivyo 75 vikapangwa pamoja katika setilaiti moja. Ikaitwa AzaadiSAT. "Azadi" kwa lugha ya huko maana yake ni uhuru.

Hapa niseme neno moja la pembeni. Sisi wa pwani hii tuliwahi kuiona setilaiti yenye jina kama hilo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka mtambo uliosimamishwa baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili. Ile ilikuwa ya kuchunguza nyota, si ya kutazama ardhi.

Tuendelee. Wengine kati ya wasichana walisafiri mpaka Sriharikota waone kwa macho yao. Roketi ikanguruma, ikapanda, ikaacha moshi mweupe. Watu wakapiga makofi. Sehemu ya kwanza ikawaka vizuri, ikaanguka. Ya pili ikawaka vizuri, ikaanguka. Ya tatu pia ikawaka. Setilaiti zikaachiliwa. Kazi yote ilitakiwa kumalizika kabla ya robo saa, na kweli ilimalizika.

Lakini katika chumba cha wataalamu nyuso zilikuwa zimebadilika. Mwishoni habari kutoka kwenye roketi zilikuwa zimekatika. Mkuu wa shirika la anga la India wakati huo, S. Somanath, aliwaambia watu kwamba sehemu zote zimewaka, lakini kuna habari zilizopotea, na wanazichunguza. Baadaye siku ile ile shirika likatangaza ukweli wote. Setilaiti zimewekwa katika njia isiyofaa. Haziwezi kutumika tena.

Njia iliyotakiwa ilikuwa duara, juu kilometa 356 pande zote. Njia iliyopatikana ilikuwa kama yai. Upande mmoja ilikuwa kilometa 360, upande wa pili ilishuka mpaka kilometa 76. Na kilometa 76 bado ni ndani ya hewa. Hewa ya huko ni nyepesi sana, wewe na mimi tusingeweza kuivuta tukaishi. Hata hivyo kwa chombo kinachokwenda kilometa 7 kwa sekunde, hewa hiyo ni kama ukuta. Setilaiti zilishuka, zikapotea. Kilo 135 za kamera na mitambo zikapotea. Na yale mayai 75 ya wasichana nayo yakapotea.

Mizani sita juu ya meza moja

Kosa lilikuwa nini? Fueli ilikuwa nzuri. Injini zilikuwa nzuri. Tena, na hili ndilo linalonishangaza mimi kila nikilisoma, hata vyombo vilivyosababisha hasara vilikuwa vizima.

Nitaeleza polepole. Roketi haina dereva. Inaongozwa na kompyuta iliyomo ndani yake. Kompyuta hujuaje mwendo? Ukiwa ndani ya basi, hata ukifumba macho, dereva akikanyaga mafuta unajua, kwa sababu unasukumwa kwenye kiti. Roketi ina vyombo vinavyosikia msukumo huo na kuupima. Kompyuta husoma vipimo hivyo, ikapiga hesabu, ikajua tumefika mwendo gani na tunaelekea wapi. SSLV ilikuwa na vyombo sita vya namna hiyo. Kwa nini sita? Ili kimoja kikiharibika, vingine viendelee.

Sasa chukua mfano wa ghala ya kununulia pamba. Karani ana mizani sita, zote zimewekwa juu ya meza moja. Anapima. Ghafla lori zito linapita nje, ardhi inatikisika, meza inatikisika. Mishale ya mizani zote sita inaruka mpaka mwisho wa namba na kukwama pale kwa muda mfupi sana. Kisha lori linapita, mishale inarudi. Mizani ni nzima. Lakini yule karani ana amri aliyopewa: ukiona mshale umekwama mwisho, hesabu kwamba mizani hiyo imeharibika, usiitumie tena. Anatazama ya kwanza, imekwama. Ya pili, imekwama. Zote sita. Basi anaziweka kando zote, na tangu hapo anapima pamba kwa kukadiria kwa macho.

Ndivyo ilivyokuwa. Sehemu ya pili ya roketi ilipoachana na ya tatu palitokea mtikisiko. Ulikuwa mkubwa kuliko wataalamu walivyotazamia. Vyombo vyote sita vilikuwa vimefungwa kwenye sakafu moja, kwa hiyo vyote vilitikisika pamoja. Vipimo vikafika mwisho. Kompyuta ikaamua kwamba vyote vimeharibika. Ikafuata amri ya dharura iliyoandikiwa: kama huna vipimo, endelea kwa njia iliyopangwa tangu ardhini, jitahidi kuokoa kinachoweza kuokolewa. Katika hali hiyo ile injini ndogo ya kusahihisha haikufanya kazi yake kama ilivyopangwa. Na bila ya kusahihisha, mwendo ukapungua. Sehemu moja katika mia, na hiyo ilitosha.

Waona, ndugu msomaji, kwamba kuwa na vyombo sita hakukusaidia. Mtu mwenye magunia sita ya mbegu katika ghala moja hana akiba sita. Panya akitoboa ukuta mmoja anayapata yote.

Msilaumu kompyuta. Ilitii amri iliyopewa. Waliotoa amri ni watu, nao walikadiria kwamba kama mshale umekwama basi chombo kimekufa. Hawakufikiri kwamba vyote sita vinaweza kukwama pamoja, vikiwa vizima, kisha vikapona.

Si mara ya kwanza

Wahindi walikwisha pita njia hii. Tarehe 10 Agosti 1979 roketi yao ya kwanza ya kubeba setilaiti, SLV-3, iliruka kutoka Sriharikota hiyo hiyo, ikaanguka baharini. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa A. P. J. Abdul Kalam. Baadaye Kalam alizoea kusimulia kwamba siku ile mkubwa wake, Satish Dhawan, ndiye aliyekwenda mbele ya waandishi wa habari na kubeba lawama. Tarehe 18 Julai 1980 roketi ya pili ilipofaulu, Dhawan alimwambia Kalam aende yeye kuwaeleza. Kalam alikuja kuwa Rais wa India mwaka 2002. Na kituo cha Sriharikota leo kina jina la Dhawan.

Halafu ikaja roketi kubwa zaidi, PSLV. Iliruka mara ya kwanza tarehe 20 Septemba 1993, nayo ikiwa imebeba setilaiti ya kutazama dunia. Nayo ikaanguka. Palikuwa na mtikisiko wakati sehemu ya pili inaachana na ya tatu, na palikuwa na kosa katika maagizo ya kompyuta. Umeona inavyofanana? Mwaka uliofuata, tarehe 15 Oktoba 1994, PSLV ikafaulu. Na tarehe 15 Februari 2017 ilipeleka juu setilaiti 104 katika safari moja.

Huenda utauliza: kama PSLV ipo, SSLV ya nini? Fikiri juu ya basi. Basi ni kubwa, nauli yake ni nafuu, lakini linakwenda kwa saa zake na kwa njia yake. Ukiwa na mgonjwa usiku, basi halikufai. Setilaiti ndogo hupanda roketi kubwa kama abiria wa basi, husubiri wenzake na hushuka pale basi linapopita. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ambayo nayo ni ya kuitazama ardhi, ilisafiri hivyo. Ilipakiwa pamoja na nyingine nyingi katika roketi ya kampuni ya SpaceX huko California, Marekani. Safari iliahirishwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya hali ya hewa, ndipo ikaondoka tarehe 15 Aprili 2023. SSLV imetengenezwa iwe gari dogo la kukodi. Inabeba mpaka kilo 500, na inaweza kuunganishwa na watu wachache kwa siku chache. Mwenye setilaiti ndogo huchagua mwenyewe siku na njia.

Marekebisho

Baada ya hasara ile wataalamu waliuchunguza mtikisiko. Halafu shirika likaandika taarifa na kuitoa kwa watu wote waisome. Jambo hili nalisifu. Si kila ofisi duniani hufanya hivyo mali ya umma inapopotea.

Walibadilisha namna sehemu ya pili inavyoachana na ya tatu, ili pasiwe na mtikisiko mkubwa. Walirekebisha ile sehemu inayobeba vyombo. Na walimbadilishia karani amri yake. Sasa mshale ukikwama, angoje kidogo, atazame kama utarudi, kabla ya kusema mizani imekufa.

Na wasichana? Walitengeneza upya. Setilaiti yao ya pili iliitwa AzaadiSAT-2, kilo 8.7. Tarehe 10 Februari 2023, miezi sita na siku tatu baada ya ile ya kwanza kupotea, iliondoka Sriharikota kwa roketi ya pili ya SSLV. Saa ilikuwa ile ile, saa 3 na dakika 18 asubuhi. Ilisafiri pamoja na setilaiti ya kuitazama dunia iitwayo EOS-07, na nyingine ndogo kutoka Marekani. Sehemu ya pili iliachana na ya tatu. Mishale haikukwama. Injini ndogo ikawaka na kusahihisha mwendo. Katika dakika kama 15 setilaiti zote tatu zilikuwa katika njia yake, juu kilometa 450, duara. Tarehe 16 Agosti 2024 roketi ya tatu ikafaulu vile vile, ikiwa na EOS-08.

Ukitaka kuuona mwendo huu mwenyewe, chagua jioni isiyo na mawingu. Toka nje baada ya giza kuingia, saa moja hivi tangu jua kutua, utazame juu kwa utulivu. Setilaiti ya wasichana ni ndogo mno kuonekana hivyo, lakini zilizo kubwa huonekana. Utaona kama nyota inayotembea, moja kwa moja, bila mlio na bila kuwaka-waka. Ikiwa ina taa zinazowaka na kuzima, hiyo ni ndege ya abiria. Mara nyingi nyota hiyo hufifia na kupotea kabla ya kufika upande wa pili wa mbingu. Usidhani imeanguka. Imeingia katika kivuli cha dunia, nayo itahitaji saa moja na nusu hivi kuizunguka dunia yote.